MSTARI MWEKUNDU UKUTANI: NANI ALIUCHORA?

Wafanya kazi wenzetu wa reli,

Twaandika habari ya karatasi moja. Imebandikwa ukutani katika karakana ambamo sisi hutengeneza mabehewa ya mizigo, karibu na mlango wa ofisi ya fomeni, mahali ambapo kila mtu lazima apite akienda kunywa chai. Hatutaji karakana ni ipi wala mwenyewe ni nani, kwa maana jambo hili si la mahali pamoja tu. Juu ya karatasi yako maneno mazuri mazuri ya maendeleo. Chini yake kuna nukta, nukta moja kwa kila behewa. Nukta ikiwa juu, maana yake behewa lilikaa sana tangu kuingia hata kutoka. Ikiwa chini, lilitoka upesi. Katikati umepigwa mstari mwekundu penye masaa 6. Huo ndio unaoitwa shabaha. Nukta iliyo chini ya mstari hupakwa kijani, iliyo juu hupakwa nyekundu, na kando ya kila nukta ziko herufi mbili za jina la kiongozi wa genge.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, fundi wa breki wa miaka mingi, alipewa barua ya onyo kwa sababu ya nukta moja. Behewa lake lilikaa masaa 10. Barua ilisema kwamba nukta nyingine ya namna hiyo ikionekana, ataitwa aeleze kwa nini asiachishwe kazi. Mwenzetu ana watoto wanne, wawili wako sekondari. Basi hiyo ndiyo karatasi tunayoisema. Inaonekana kama mapambo, lakini inaweza kula karo ya mtoto.

Kwanza tuseme jambo moja, ili wasije wakasema kwamba chama kinaogopa hesabu. Sisi hatupingi chati. Watu wa reli walikuwa na chati kabla hao washauri hawajazaliwa. Mwaka 1885 Mfaransa mmoja, Étienne-Jules Marey, alichapa katika kitabu chake chati ya treni za kutoka Paris kwenda Lyon. Vituo vimeandikwa upande wa kushoto, kimoja chini ya kingine, masaa yameandikwa kwa upana, na kila treni ni mstari mmoja ulioinama. Treni ikienda mbio mstari husimama zaidi. Ikingoja kituoni mstari hulala. Mistari miwili ikikatana, hapo ndipo treni mbili hupishana. Watu wa kontrola wa njia moja ya reli hutumia chati ya namna hiyo, na roho za watu hutegemea penseli yao.

Sasa angalieni tofauti. Katika chati ya kontrola treni ikichelewa, sababu huandikwa papo hapo: ilingoja kupishana, injini iliharibika, ng'ombe walikuwa njiani. Hakuna mtu wa kontrola mwenye akili atakayemlaumu dereva kwa kuwa mstari umelala, bila kuuliza ulilala kwa nini. Lakini karatasi yetu ya ukutani haina mahali pa sababu. Ina mahali pa herufi mbili za jina la mtu, basi.

Tuliuliza masaa 6 yalitoka wapi. Fomeni, ambaye si mtu mbaya, alisema yametoka juu. Wa juu walisema yametoka kwa washauri. Washauri, tulivyoambiwa, waliyaona katika karakana ya nchi nyingine. Tukauliza karakana hiyo ina kreni ngapi. Ina tatu. Sisi tunayo moja, na hiyo moja hutumiwa pia na watu wa injini, na watu wa injini wakiitaka, behewa hungoja.

Kwa hiyo tulinunua daftari la kurasa 48 na penseli, tukaanza kuandika wenyewe. Kwa kila behewa tuliandika mambo mawili: masaa ambayo mikono yetu ilikuwa juu ya chuma, na masaa ambayo behewa lilikaa tu likingoja, na lilingoja nini. Hii hapa hesabu ya mabehewa 12 ya kwanza, kwa mfuatano wake, masaa tangu kuingia hata kutoka: 7, 5, 8, 7, 9, 6, 6, 10, 8, 6, 5, 7. Lile la masaa 10, la nane, ndilo la mwenzetu wa barua. Jumla ni masaa 84, yaani wastani wa masaa 7 kwa behewa. Mabehewa 7 yalivuka mstari mwekundu, 5 hayakuvuka.

Lakini ngojeni. Katika masaa hayo 84, mikono yetu ilikuwa kazini masaa 52. Masaa 32 yalikuwa ya kungoja: 17 kungoja kreni, 11 kungoja sahihi ili stoo itoe vipuri, na 4 kungoja mtambo wa kukereza magurudumu. Gawanyeni 52 kwa 12 mtapata masaa 4 na dakika 20. Yaani kazi yenyewe, kazi ya mafundi, iko chini ya mstari mwekundu wa hao mabwana, tena mbali chini. Kinachovuka mstari ni kungoja. Na behewa la mwenzetu? Masaa 5 ya kazi, masaa 5 ya kungoja: 3 kreni, 2 sahihi. Aliyetakiwa kutia sahihi alikuwa mkutanoni. Tulipouliza mkutano ulikuwa wa nini, tuliambiwa ulikuwa wa kujadili ile chati.

Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka habari ya Farao katika kitabu cha Kutoka. Aliwanyima Waisraeli majani ya kutengenezea matofali, akawaambia wakayatafute wenyewe, na hesabu ya matofali ya kila siku isipungue hata moja. Walipopungukiwa, walipigwa viboko wasimamizi wao, Waisraeli wenzao. Hatukujua siku zile kwamba tunafundishwa mambo ya karakana.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wakubwa wenyewe wangalipaswa kulijua, kwa maana ni elimu ya viwanda vyao na si ya chama. Hakuna kazi duniani inayochukua muda ule ule kila mara. Mama akipika ugali kila siku kwa sufuria ile ile na jiko lile lile, leo utaiva mapema kidogo, kesho utachelewa kidogo, na hakuna aliyekosa. Kuni, upepo, unga, vyote huchangia. Nukta haziwezi kulala katika mstari mmoja kama askari. Swali si kama nukta hupanda na kushuka, bali ni kupanda na kushuka kwa namna gani: kule kwa kila siku, au kule kunakoonyesha kwamba kumetokea jambo?

Mwamerika mmoja, Walter Shewhart, aliyefanya kazi katika kampuni ya Western Electric iliyotengeneza vyombo vya simu, alitoa jibu tarehe 16 Mei 1924. Alimwandikia mkubwa wake barua fupi, na ndani yake alichora chati yenye mistari miwili ya mipaka. Mipaka hiyo haikutoka kwa bwana mkubwa wala kwa mshauri. Ilitoka katika kazi yenyewe, kwa hesabu. Nukta zikiwa ndani ya mipaka, ndivyo kazi ilivyo, na ukitaka ziwe bora lazima ubadili kazi yenyewe: vyombo, mpango, vipuri. Nukta ikitoka nje ya mipaka, hapo kuna jambo la pekee, nenda kalitafute upesi. Mwaka 1931 akayaeleza hayo yote katika kitabu.

Hesabu yake si ngumu. Yeyote aliyefika darasa la saba aweza kuifanya. Chukua masaa ya mabehewa kwa mfuatano. Kutoka la kwanza hata la pili, 7 na 5, tofauti ni 2. Kutoka la pili hata la tatu, 5 na 8, tofauti ni 3. Endelea hivyo. Kwa mabehewa yetu 12 tofauti ziko 11: 2, 3, 1, 2, 3, 0, 4, 2, 2, 1, 2. Jumla 22, wastani 2. Zidisha huo wastani kwa 2.66, namba ambayo hutumika kwa chati za nukta moja moja, utapata 5.32. Ongeza juu ya masaa 7, mpaka wa juu ni masaa 12 na dakika 19. Punguza kutoka 7, mpaka wa chini ni saa 1 na dakika 41. Mabehewa 12 ni machache, tutaendelea hata yapite 20 ili mipaka iwe imara zaidi, lakini hata sasa jambo laonekana. Behewa la masaa 10 liko ndani. Wala haliko karibu na mpaka. Kwa karakana hii, yenye kreni hii moja na stoo hii, masaa 10 ni siku ya kawaida iliyokuwa mbaya kidogo. Mwenzetu ameonywa kwa kosa la kuwa zamu ni yake.

Na tazameni vile vile upande wa pili. Behewa la 13 lilikaa masaa 19. Hilo lilitoka nje ya mpaka. Hapo ndipo fomeni angetakiwa kuja mbio na kuuliza. Sababu tunayo katika daftari: mota ya kreni iliungua saa nne asubuhi, na ya kuazima ikafika siku ya pili. Basi nukta hiyo ilipakwa nyekundu kama nyingine zote nyekundu, ikapewa herufi mbili za kiongozi wa genge kama nyingine zote. Karatasi yao haikuweza kutofautisha kreni iliyoungua na siku ya kawaida. Na mota ile iliungua kwa kuwa haikuangaliwa; lakini mwenye kuiangalia hana nukta ukutani.

Tulitaka wenzetu walione jambo hili kwa macho, kwa hiyo siku moja wakati wa chakula tulileta sufuria yenye maharagwe meupe 400 na mekundu 100. Mchezo huu si wetu. Mwamerika mwingine, W. Edwards Deming, alikuwa akiufanya kwa shanga mbele ya mameneja, na huyo ndiye aliyealikwa Japani mwaka 1950 kuwafundisha wenye viwanda hesabu hizi za Shewhart. Tulisema: haragwe jekundu ni kosa. Kila mtu achote 50 bila kutazama. Wa kwanza alipata mekundu 8, wa pili 13, wa tatu 10, wa nne 6, wa tano 12. Tukampongeza wa nne kwa bidii yake, tukamwandikia wa pili barua ya onyo kwa maneno yale yale ya barua ya mwenzetu. Watu walicheka sana. Kisha mzee mmoja wa magurudumu akauliza, na nani aliyatia mekundu katika sufuria? Kicheko kikaisha.

Wako wakubwa wanaosema: lakini twaona kwa macho yetu, mtu akikaripiwa kazi yake hupanda, akisifiwa hushuka, na kisha hututolea methali ya mgema kwamba akisifiwa tembo hulitia maji. Twawajibu. Mtu hukaripiwa lini? Siku nukta yake ilipokuwa mbaya kuliko kawaida. Na siku ya pili, hata angenyamaziwa, kuna nafasi kubwa arudi kwenye kawaida yake. Mtu husifiwa siku nukta ilipokuwa nzuri kupita kawaida, na siku ya pili hurudi vile vile. Aliyepata mekundu 13 akichota tena, yaelekea atapata machache zaidi, hata usipomtukana. Hivyo bwana anayekaripia hujiona daktari, na ugonjwa ulikuwa utapungua wenyewe.

Lazima sasa tuseme na dhambi yetu sisi. Baada ya ile barua ya onyo, nukta nyingi za magenge yetu zilikuja kukaa masaa 6 kasoro kidogo, zimepangana chini ya mstari kama ndege juu ya waya. Ofisi ilifurahi. Sisi twajua zilikujaje. Wengine waliacha behewa nje katika yadi, wasiliandike kwamba limeingia mpaka kreni iwe tayari, kwa hiyo saa ya kungoja ikafichwa. Hao hatuwalaumu sana, ingawa wamewapa wakubwa uongo wa bure na wameficha ushahidi wetu wenyewe juu ya ile kreni. Lakini wengine, na hawa wajijue, walifupisha jaribio la breki. Behewa lililojaa saruji likiteremka kuingia Bonde la Ufa halijui habari ya mstari mwekundu. Dereva aliye mbele yake ni mwanachama mwenzetu. Kama chati imetufikisha mahali ambapo fundi anachagua kati ya barua ya onyo na breki za mwenzake, basi chati hiyo imekuwa hatari kuliko mtambo wowote ulio ndani ya karakana. Hata hivyo fundi akumbuke kwamba mkono uliofupisha jaribio ni wake.

Si mara ya kwanza mambo haya kugombewa. Mwaka 1911, mwezi wa Agosti, mafundi wa kumimina chuma katika kalibu kwenye kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Massachusetts, waliacha kazi kwa sababu ya mtu aliyesimama nyuma yao na saa ya kupimia, akifuata mafundisho ya Frederick Taylor. Bunge la Marekani liliunda kamati ikasikiliza mashahidi, na Taylor mwenyewe akaulizwa maswali. Mwaka 1915 Bunge lilikataza fedha za serikali zisitumiwe kuwapima wafanya kazi hao kwa saa. Wale mafundi hawakukataa kwamba kazi ichukue muda fulani. Walikataa muda huo upangwe na mtu asiyeulizwa neno lolote.

Na Deming tuliyemtaja, ambaye hakuwa mtu wa chama bali mshauri wa makampuni, aliwafundisha mameneja wafukuze hofu kazini na waondoe hesabu za kulazimisha katika karakana. Kwa hiyo wakija tena washauri na kompyuta zao na kusema hii ndiyo elimu ya kisasa, tuwaulize kwa adabu kama wamewahi kusoma wale walioianzisha.

Sheria nayo iko. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla mwajiri hajamwachisha mtu kwa sababu ya kufanya kazi vibaya, lazima amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoifahamu, na mfanya kazi ana haki mwenzake au mwakilishi wa chama awepo akisikiliza, na maneno yao lazima yasikizwe. Kwa lugha anayoifahamu! Basi nukta nyekundu si lugha. Mwenzetu akiitwa, mwakilishi wetu ataingia naye, na daftari litaingia pia, liwekwe mezani, na tutaomba tuonyeshwe katika zile saa 10 ni saa ipi iliyo yake.

Tunayoyataka tumekwisha kuyaandika kwa barua ya chama. Karatasi ya ukutani ibaki, hatuna neno. Lakini herufi za majina ziondolewe. Masaa ya kungoja yachorwe kando na masaa ya kazi, kwa rangi nyingine, na sababu iandikwe kama watu wa kontrola wanavyoandika. Mipaka itokane na hesabu ya kazi yenyewe, na mwakilishi wetu awepo ikifanywa. Wakitaka kuweka shabaha ya masaa 6, waiweke, lakini waandike chini yake watafanya nini wao ili ifikiwe: kreni ya pili lini, na nani mwingine atatia sahihi ya stoo mwenye sahihi akiwa mkutanoni. Hilo la sahihi halihitaji hata senti moja, ndiyo maana latukasirisha kuliko la kreni. Na mtu asipewe onyo kwa nukta iliyo ndani ya mipaka. Ile barua moja iliyokwisha tolewa irudishwe na ichanwe.

Mkutano na ofisi umepangwa Alhamisi. Daftari la pili limeanza, liko kwa karani wa tawi katika kibanda cha zana, pamoja na penseli iliyofungwa kwa kamba kwa kuwa mbili zimekwisha potea. Genge la mchana limeandika kila behewa. Genge la usiku halijaandika kitu tangu Jumanne, nasi twahitaji masaa yao kabla ya Alhamisi, maana usiku ndipo kreni husumbua zaidi.